Kuchemsha Nyuzi

Mjomba wangu anachemsha nyuzi za gitaa. Ndugu msomaji, usicheke. Anachukua ile sufuria ndogo ya chai, anatia maji na sabuni ya unga kidogo, anazikunja nyuzi duara kama tambi, anazitumbukiza, halafu anakaa juu ya ndoo akizitazama zikichemka kwenye jiko la mchina. Dakika kumi. Anazitoa kwa uma, anazisuuza, anazifuta kwa kipande cha kanga iliyochoka, anazianika dirishani. Tunaishi Gerezani, nyumba ya uani yenye wapangaji sita, na kila mpangaji mpya siku ya kwanza lazima aulize: huyu mzee anapika nini?

Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ubahili. Nilipokua nikadhani ni uzee. Nyuzi siku hizi zipo tele, unavuka barabara tu unaingia Kariakoo unanunua seti nzima, hivyo kuna haja gani ya kuzipika za zamani? Siku moja nikamuuliza. Akanijibu bila kuinua macho: "Uzi haufi wote, mjomba. Unakufa vipande vipande. Ukiuchemsha unafufua vile vipande."

Jibu hilo nililichukua kama maneno ya wazee wa vijiweni, kashata na kahawa. Miaka miwili baadaye, nikiwa chuoni nasoma hesabu, mwalimu akaandika ubaoni mlinganyo wa uzi unaotikisika ambao uzito wake haulingani toka mwanzo hadi mwisho. Nikatazama ubao. Nikasema kimoyomoyo: lakini hii ni sufuria ya mjomba!

Makala hii ni historia ya mlinganyo ule na historia ya sufuria ile. Na kuna jambo jingine, ambalo ndilo hasa lililonishikisha kalamu.

Mwaka 1983 mjomba alikuwa anapiga gitaa la rhythm katika bendi moja ya hapa mjini. Jina la bendi nitaliacha, maana baadhi yao wako hai na tunasalimiana msikitini. Siku moja mazoezini kiongozi alisimamisha muziki. Gitaa la mjomba linalia nje. Mjomba akatyuni, wakaanza tena. Kiongozi akasimamisha tena. Mjomba akapiga uzi mmoja mmoja ukiwa wazi, kila mmoja ukakubaliana na gitaa la solo. Wakaanza mara ya tatu. Alipopanda juu ya shingo ya gitaa, karibu na tumbo, mambo yakawa yaleyale. Kiongozi akasema, mbele ya waimbaji na mbele ya mama aliyekuwa anawauzia mihogo: "Huyu masikio yamekufa."

Wiki mbili baadaye akaambiwa arudishe gitaa. Halikuwa lake, lilikuwa la bendi. Tangu siku ile mjomba ameuza betri, balbu na soketi Mtaa wa Congo, na neno lile amelibeba kama mtu anavyobeba kovu usoni. Wengine wanaweza kulisahau, yeye anakutana nalo kila akijitazama.

*

Kijana wa leo anaweza kuuliza: kwa nini hakununua uzi mpya yakaisha?

Kwa sababu haukuwepo. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina, fedha za kigeni zilikuwa za kuomba kama maji ya zamu, na mwaka 1983 ndio mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, wakati Sokoine ni waziri mkuu. Watu walitupa vitambaa na sabuni usiku wasije wakakutwa navyo. Kama sabuni ya kuogea ilikuwa taabu, uzi wa gitaa ungeuagizia wapi, na kwa dola za nani?

Ndiyo maana bendi kubwa karibu zote zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na jina lake likabadilika kila chama kilipobadilika: JUWATA, kisha OTTU, hadi tukafika Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, lenye ukumbi wake pale Kariakoo. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi. Wasomi wa muziki wakieleza hili husema taasisi zilikuwa walezi wa sanaa. Sawa. Lakini mwulize mpiga gitaa atakwambia kwa lugha fupi: taasisi ndiyo iliyokuwa na nyuzi. Ukiwa mkali kama wembe lakini huna taasisi, huna chombo, huna spika, huna uzi. Ukigombana na kiongozi unaondoka na vidole vyako tu.

Kwa hiyo uzi mmoja ulipigwa miezi mingi. Ukikatika karibu na mwisho, uliungwa. Mjomba anasema kuunga uzi ni ufundi, na siri yake ni moja: fundo lazima likae nje, nyuma ya daraja la gitaa, pale ambapo uzi hautikisiki. Fundo likiingia ndani ya sehemu inayolia, uzi huo mpe mtoto afungie kishada. Na uzi ukichakaa bila kukatika, ulichemshwa. Hayakuwa maajabu ya Dar peke yake. Wapiga besi wa Ulaya na Marekani nao wamechemsha nyuzi sana, wakiwa na pesa kidogo au bila sababu yoyote.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za nje bila kuulizwa walizipata wapi, na baada ya Novemba 1985, chini ya Mzee Ruksa, maduka yakajaa taratibu. Mjomba alikuwa ameshazoea balbu.

*

Sasa tuingie ndani ya uzi wenyewe. Atakayechoka na hesabu aruke mistari michache. Lakini namsihi asiruke, kwani kesi ya mzee wangu imo humu.

Mfaransa Marin Mersenne, padri, aliandika mwaka 1636 kanuni ambayo kila fundi gitaa anaijua kwa mikono hata kama haijui kwa jina. Ukiukata urefu wa uzi nusu, mitikisiko inakuwa maradufu. Ukiukaza mara nne, mitikisiko inakuwa maradufu. Ukiuongezea uzito mara nne kwa kila inchi, mitikisiko inapungua nusu. Kwenye gitaa uzi mwembamba wa kwanza unatikisika takriban mara 330 kwa sekunde, uzi mnene wa sita mara 82 na kitu. Tofauti ni mara nne. Maana yake, kama mkazo na urefu ni uleule, uzi wa sita lazima uwe mzito kama mara kumi na sita ya ule wa kwanza. Waya mtupu wenye uzito huo ungekuwa mgumu kama spoku ya baiskeli. Ndiyo sababu nyuzi nene huviringishiwa waya mwembamba juu ya waya wa ndani, ufundi ulioanza Ulaya katika karne ya 17 kwa kuviringishia waya juu ya utumbo wa kondoo na hariri. Uzito unaongezeka, ulaini unabaki.

Na hapo ndipo mtego ulipo. Katikati ya mizunguko ile ya waya kuna vijishimo, na vijishimo hula jasho, mafuta, vumbi la Kariakoo na ngozi ya vidole. Mpiga rhythm anashika zaidi upande wa shingo, hivyo upande ule unanenepa. Freti nazo zinausaga uzi kwa chini, hapa pananenepa, pale panakonda. Baada ya miezi minane huna uzi mmoja tena. Una nyuzi nyingi fupi zilizounganishwa, kila moja na uzito wake. Vipande vipande, kama mzee alivyosema.

Kwa nini usiutyuni tu ukaisha? Kwa sababu funguo ya gitaa inajua kazi moja, kukaza na kulegeza. Mkazo ni uleule toka mwanzo wa uzi hadi mwisho. Ukikaza, sauti zote zilizomo zinapanda kwa uwiano mmoja, kama bei za dukani zikipanda zote kwa asilimia kumi: sukari itabaki ghali kuliko chumvi kwa kiasi kilekile. Kukosana kwa sauti moja na nyingine kunatokana na jinsi uzito ulivyogawanyika, na ugawaji huo funguo haiufikii hata uikaze mpaka uzi ukatike.

Tumchukulie mjomba mwenyewe. Tuseme uzi wake wa nne, ambao una gramu moja na nusu hivi kwa urefu unaolia. Tuseme nusu ya upande wa shingo imekuwa nzito kuliko nusu ya upande wa daraja kwa asilimia 2 tu. Hizo ni miligramu kama 15, pungufu ya punje moja ya mchele! Anautyuni ukiwa wazi, unakubali. Anapobana katikati, freti ya kumi na mbili, sasa inayolia ni ile nusu safi, nyepesi. Nusu nyepesi inatikisika haraka kuliko ilivyotakiwa, kwa nusu ya asilimia. Noti iliyopaswa kuwa mitikisiko 294 inakuwa 295 na kitu. Magitaa mawili yakipiga noti hiyo pamoja utasikia sauti ikipanda na kushuka, wau-wau-wau, karibu mara tatu kwa kila sekunde mbili. Uzi ukiwa mchafu mara tatu ya hapo, zidisha mara tatu.

Yaani uzi wazi uko sawa, juu ya shingo uko nje, na hakuna funguo ya kukuokoa. Soma tena yaliyotokea mazoezini mwaka 1983.

*

Wazungu walioanza kulifikiria jambo hili kwa kalamu hawakuwa na shida ya nyuzi, walikuwa na shida ya ugomvi. Brook Taylor wa Uingereza alipata kanuni ya uzi unaolingana mwaka 1713. D'Alembert akaandika mlinganyo wake kamili 1747, Euler akaingia mwaka uliofuata, Daniel Bernoulli akadakia 1753 na kusema kwamba mtikisiko wowote wa uzi ni mchanganyiko wa mitikisiko mepesi, mmoja wa uzi mzima, mmoja wa nusu, mmoja wa theluthi, na kuendelea. Wenzake walimkatalia. Walibishana miaka kwa barua na vitabu, watu wazima, juu ya uzi! Kila mmoja aliona sehemu na akadhani ameona wote. Ubishi wa wasomi na ubishi wa kijiweni ni ndugu. Tofauti ni kwamba wa wasomi unapigwa chapa.

Miaka ya 1760 Euler na Bernoulli wakaugeukia uzi usiolingana unene. Walifika mbali, lakini walifanya kwa nyuzi za aina maalumu ambazo hesabu zake zinakubali. Uzi mchafu wa kawaida, mchafu ovyo bila mpango, ulisubiri hadi Paris ya 1836 na 1837, ulipowapata marafiki wawili: Charles Sturm, mzaliwa wa Geneva, na Joseph Liouville, aliyekuwa ndio kwanza ameanzisha jarida lake la hesabu.

Kazi ya hawa wawili ndiyo naipenda kuliko zote, na nitaieleza polepole. Wao hawakuuliza: sauti za uzi huu ni ngapi hasa? Walijua kwa uzi ovyo hakuna kanuni ya kukupa namba. Waliuliza: bila kujua namba, tunaweza kusema nini kwa hakika? Na wakasema mengi. Uzi wowote, uwe umechafuka vipi, una orodha yake ya sauti, zinapanda moja baada ya nyingine bila mwisho, na hazigongani mbili mahali pamoja. Sauti ya kwanza inatikisa uzi mzima. Sauti ya pili ina nukta moja katikati ya uzi isiyotikisika kabisa. Ya tatu ina nukta mbili. Ya kumi ina tisa. Uchafu unaweza kuzisogeza nukta hizo huku na huku, unaweza kuharibu uwiano wa sauti, lakini hauwezi kuongeza nukta wala kupunguza. Sauti hizo ni mali ya uzi wenyewe, hazitegemei umeupiga kwa kucha au kwa kidole. Mwaka 1904 Mjerumani Hilbert aliziita kwa neno la kwao, eigen, lenye maana ya "-ake mwenyewe". Vitabu vyetu huandika thamani za aigeni. Mimi ningeziita thamani za mwenyewe, lakini mwalimu wangu alinikata maksi.

Anayetaka kuona nukta zile bila kwenda Paris aguse uzi wa gitaa kidogo tu juu ya freti ya kumi na mbili bila kuubana, apige, aachie. Ile sauti nyembamba kama ya filimbi ni sauti ya pili. Wagogo wa Dodoma wamejenga muziki mzima juu ya ngazi hiyo ya sauti za asili. Ukimsikiliza marehemu Hukwe Zawose, aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki 2003, zeze na koo lake vinapanda ngazi ileile ambayo Bernoulli aligombania. Na Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza ganuni, chombo chenye nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila noti. Tatu tatu! Uzi mmoja kati ya watatu ukichafuka, jirani zake wawili wanautangaza papo hapo. Wapigaji wa taarab waliofuata, wa Unguja na wa vilabu vya Dar kama Egyptian na Al-Watan, walikuwa na kipimo cha Sturm na Liouville juu ya mapaja yao kila Jumamosi.

Lord Rayleigh wa Uingereza ndiye aliyetuletea kanuni ya mkono: ukibandika kitu kidogo juu ya uzi, kila sauti itashuka kiasi gani. Kitabu chake cha sauti kilianza kutoka 1877, na alianza kukiandika akiwa ndani ya boti juu ya mto Nile, majira ya baridi ya 1872 na 1873, alikokwenda kupumzika baada ya ugonjwa. Maji aliyoelea juu yake, mengine yalitoka kwetu huku. Basi angalau tulichangia maji.

Kanuni yake inaeleza siri ya fundo. Fundo likikaa katikati kabisa ya uzi, na uzito wake ni asilimia moja ya uzi wote, sauti ya kwanza inashuka asilimia moja, kama moja ya sita ya hatua ya freti. Sauti ya pili haigusiki, kwa kuwa pale katikati ndipo ilipo nukta yake isiyotikisika, na fundo lisilotikisika halina uzito. Sauti mbili zilizokuwa mama na mtoto sasa hazipatani. Robo gramu ndio uzito wa uzi wa kwanza. Asilimia moja yake ni miligramu mbili na nusu. Mpe mtoto afungie kishada.

Lakini uzito usiolingana si laana siku zote. Pita Kisutu jioni karibu na mahekalu, utasikia tabla. Ngozi ya ngoma ya kawaida ina sauti za ndani zisizopatana hata kidogo, ndiyo maana ngoma nyingi haziimbi noti. Mafundi wa India walibandika duara jeusi juu ya ngozi, wakaizidisha unene katikati, na ngoma ikaanza kuimba. C. V. Raman, aliyekuja kupata Nobeli ya fizikia 1930, alionyesha mwaka 1920 kwamba duara lile linazivuta sauti za kwanza za ngozi hadi zikae kwenye ngazi kama za uzi safi. Kilichoharibu gitaa la mjomba ndicho kinachotengeneza tabla. Yote ni uzito uliobandikwa. Moja limebandikwa na vumbi, jingine limebandikwa na fundi.

*

Sasa swali la kinyume, ambalo ndilo la polisi. Tukisikia sauti tu, tunaweza kujua uchafu uko wapi?

Aliyelijibu kwa uzi ni Mark Krein wa Odessa, Myahudi wa Ukraine, mtu aliyefukuzwa chuo kikuu cha mji wake miaka ya 1940 na ambaye wanafunzi wake waliendelea kumfuata nje ya geti. Mwaka 1941 yeye na mwenzake Gantmacher walitoa kitabu juu ya mitikisiko midogo, chenye uzi wa ushanga ndani yake: uzi usio na uzito, umefungwa shanga nzito hapa na pale. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akamaliza kesi ya uzi wowote. Tuzo ya Wolf alipewa 1982, mwaka mmoja kabla ya mjomba kuambiwa masikio yamekufa. Sisemi yanahusiana, nasema tu miaka ilikuwa jirani.

Jibu lake: orodha moja ya sauti haitoshi. Sababu unaweza kuiona bila kalamu. Ukiugeuza uzi, mwisho uwe mwanzo, unapata uzi mwingine wenye uchafu upande wa pili, lakini sauti zake zikiwa wazi ni zilezile zote. Sikio la malaika lisingetofautisha. Ila ukipewa orodha mbili, ya kwanza uzi ukiwa umefungwa ncha zote, ya pili ncha moja ikiwa huru kucheza, hapo unaweza kuujenga uzi mzima upya, uzito wake kila mahali. Mwaka 1966 Mark Kac aliuliza swali hilohilo kwa ngoma, kama umbo lake linasikika, na 1992 Gordon, Webb na Wolpert wakajibu hapana: kuna ngoma mbili za maumbo tofauti zenye sauti zilezile.

Nilipofika hapo kwenye kitabu nikakifunga, nikapanda daladala kwenda nyumbani.

Mjomba alikuwa uani. Nilimwomba gitaa, nikafunga uzi wa kwanza mpya kabisa, nikawasha mshumaa. Nikamweleza mchezo: ageuke atazame ukuta. Mimi nitadondosha tone dogo la nta juu ya uzi, dogo kuliko kichwa cha kiberiti, ama robo ya uzi kutoka upande wa daraja, ama robo kutoka upande wa shingo. Nitapiga uzi wazi, nikiupiga katikati kabisa nisimpe dalili. Yeye aseme tone liko wapi.

"Watoto wa chuo," akasema. Lakini akageuka.

Tulicheza mara kumi. Alipata nne. Kila alipokosea nilimwona mabega yanashuka kidogo, na majirani wawili waliokuwa wanaosha vyombo wakaacha kuosha. Nikajua anachokifikiria.

"Sasa tena, mjomba," nikasema. "Safari hii nitapiga wazi, halafu nitabana ya kumi na mbili."

Kwa mahesabu, tone la upande wa shingo linakuwa nje ya sehemu inayolia, halifanyi kitu. Tone la upande wa daraja linakaa katikati ya nusu iliyobaki na kuishusha kwa nguvu zake zote. Sikumwambia. Nikapiga.

"Darajani."

Nikasafisha nta, nikahamisha, nikapiga.

"Shingoni. Safi kabisa hiyo."

Mara ya tatu nilimdanganya, nikasafisha uzi nisibandike kitu. Akanyamaza, akainamisha kichwa. "Hujaweka," akasema. Mara kumi, alipata kumi. Mama mmoja kati ya wale waliokuwa wanaosha vyombo akapiga kigelegele, nadhani hakujua anashangilia nini.

Nikamweleza basi habari za Krein: kwamba mara ya kwanza alishindwa kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza, na kwamba imethibitishwa. Alisikiliza yote. Akauliza huyo Krein alikuwa anapiga gitaa gani. Nikasema sidhani kama alipiga.

"Na yeye aliambiwa masikio yamekufa?"

"Yeye alifukuzwa tu, mjomba."

Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akachukua kitambaa, akafuta nta iliyobaki juu ya uzi, taratibu, kutoka shingoni hadi darajani na kurudi. Kisha akaniuliza kama haya nitayaandika. Nikasema ndiyo, kuna gazeti la vijana. Akasema nisimtaje kiongozi wake jina, ni mtu mzima sasa na ana sukari. Lakini niandike wazi, kwa herufi zinazosomeka, kwamba ulikuwa uzi wa nne.

Akainuka kwenda kutafuta sufuria.